Kucheza na Nani, na kwa Uhusiano Gani? Istilahi za Michezo ya Video kwa Mfano wa Kigoma na Ujiji

Utangulizi

Miongoni mwa istilahi ambazo walimu, wafasiri na maofisa wa Serikali huulizwa mara kwa mara siku hizi ni zile zihusuzo michezo ya video, yaani michezo inayochezwa kwa kompyuta, kwa simu, au kwa mashine iliyounganishwa na televisheni. Michezo hiyo imekwisha kuingia majumbani, katika vibanda vya mitaani na katika mifuko ya vijana. Lakini lugha ya kuizungumzia bado haijatulia. Mzazi akipelekewa barua na shule, au mfasiri akikabidhiwa maelezo ya mchezo ili ayaweke katika Kiswahili, hukuta kwamba maneno aliyo nayo ama ni ya Kiingereza matupu, ama ni tafsiri ya neno kwa neno isiyomfikishia msomaji jambo lenyewe.

Makala haya yanashughulikia istilahi moja tu katika hizo, pamoja na jamaa zake. Nayo ni ile inayotaja mtindo wa kucheza ambamo watu zaidi ya mmoja huwamo katika mchezo mmoja. Kiingereza kimeliunda jina lake kwa kuunganisha kiambishi chenye maana ya wingi na neno lenye maana ya mchezaji, na wafasiri wetu wengi wamefuata nyayo hizo hizo kwa kuandika 'mchezo wa wachezaji wengi'. Shabaha yetu ni kuonyesha kwamba tafsiri hiyo ni pungufu, kwa kuwa inahesabu vichwa bila ya kutaja uhusiano uliopo baina ya wachezaji. Na uhusiano huo, wala si idadi, ndio unaompa mchezaji furaha au aibu, ndio unaoamua kama atajifunza au atakata tamaa, na ndio ambao mzazi na mwalimu wana haja ya kuufahamu. Aidha tutaonyesha kwamba Kiswahili kinazo tayari zana za kuutaja.

Kwa nini Kigoma na Ujiji

Mifano yetu mingi tunaichukua Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni ya lugha. Ujiji ni mmojawapo wa miji mikongwe ya Waswahili iliyo barani, mbali na bahari. Burton na Speke walipofika hapo mwezi wa Februari 1858 walikuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kutangulia. Na Stanley alipomkuta Livingstone mahali hapo mwaka 1871, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya soko na ya misafara. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, watu wa makabila mengine mengi walizidi kukutana. Leo katika mwambao huo hukutana Kiha, Kibembe, Kirundi, na Kiswahili cha ng'ambo ya pili, cha Kalemie na Uvira. Vijana wanaoketi benchi moja mbele ya televisheni pale Mwanga au Ujiji huenda kila mmoja akawa na lugha yake nyumbani, na maandishi yaliyo katika kioo yakawa ya Kiingereza. Lakini kupangiana zamu, kutaniana, kulaumiana na kufundishana hufanyika kwa Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili hapo si lugha ya kutafsiria mchezo tu. Ndiyo lugha ambayo kwayo mchezo wenyewe huendeshwa.

Sababu ya pili ni ya mahali. Kigoma iko mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam ambako nyaya kuu za mawasiliano hutua kutoka baharini. Umbali huo, kama tutakavyoona, huingia ndani ya mchezo na kuubadili, na hudai istilahi zake.

Upungufu wa 'wachezaji wengi'

Tuchukue mchezo wa video unaopendwa kuliko yote katika vibanda vyetu, yaani mchezo wa mpira wa miguu. Katika kioo huonekana watu 22 wakikimbia uwanjani. Kwenye benchi wameketi vijana wawili, kila mmoja ameshika kile kifaa chenye vitufe ambacho wenyewe hukiita pedi. Je, huo ni mchezo wa wachezaji wangapi? Na kijana mmoja akibaki peke yake, akacheza dhidi ya mashine, wale 22 wangali katika kioo. Je, mchezo umekoma kuwa wa wachezaji wengi? Msomaji asiyewahi kuuona mchezo huo hawezi kupata jibu kutokana na istilahi tuliyompa, na istilahi inayoshindwa katika mfano ulio wa kawaida kuliko yote haina budi kurekebishwa.

Kosa la kwanza, basi, liko katika neno 'mchezaji', kwa kuwa limebebeshwa dhana mbili: mtu aliyeshika pedi, na umbo analoliendesha katika kioo. Tunaonelea kwamba neno 'mchezaji' liachiwe mtu mwenyewe peke yake, na umbo liitwe 'mhusika', neno ambalo walimu wa fasihi wamekwisha kulizoea. Hivyo tutasema kwamba mchezaji mmoja anaendesha wahusika 11, na hakuna atakayekanganyikiwa.

Kosa la pili liko katika neno 'wengi'. Watu wawili wanaoshindana, watu wawili wanaosaidiana, na watu wawili wanaopokezana zamu, wote ni wawili. Lakini hawachezi mchezo wa namna moja wala hawatoki hapo wakiwa na moyo wa namna moja. Kinyume chake, mashindano ya watu wawili na mashindano ya watu 100 yana mengi yanayofanana, ingawa idadi zimeachana sana.

Historia ya jambo lenyewe

Historia ya michezo hii inaithibitisha hoja yetu. Watu hudhani kwamba mashine zilianza kwa kumpa mtu mmoja mchezo wa kumpumbaza, kisha baadaye wakaongezwa wengine. Lakini michezo kadhaa mashuhuri ya mwanzo haikuwa hivyo. Mwaka 1958 mwanafizikia William Higinbotham alitengeneza mchezo wa tenisi katika maabara ya Brookhaven, Marekani, nao ulikuwa wa watu wawili wakikabiliana. Mchezo uitwao Spacewar!, uliotengenezwa katika chuo cha MIT mwaka 1962, ulikuwa wa watu wawili. Pong, uliotolewa na kampuni ya Atari mwaka 1972, nao ulihitaji watu wawili. Katika michezo hiyo ya mwanzo mashine ilikuwa uwanja na mwamuzi tu; mpinzani alikuwa mtu.

Katika michezo mingine mashine yenyewe ilikikalia kiti cha mpinzani. Katika Space Invaders, mchezo wa mwaka 1978 kutoka Japani, mtu mmoja hupigana na safu za maadui wanaoendeshwa na mashine; na wakiwa wawili hupokezana zamu, kila mmoja akipambana kivyake. Mwaka huo huo wa 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle walianzisha mchezo ulioitwa MUD, ambao haukuwa na picha hata moja. Watu walioketi mbele ya mitambo mbalimbali waliingia katika ulimwengu mmoja uliojengwa kwa maandishi, wakazungumza, wakasaidiana na kupigana kwa maneno yaliyochapwa. Mwaka 1993 mchezo uitwao Doom uliwawezesha watu wanne kupambana kupitia kompyuta zilizounganishwa. Na mwaka 2017 ukaja mtindo wa Fortnite wa kuwatupa watu 100 katika kisiwa kimoja mpaka abaki mmoja au kundi moja.

Idadi, basi, imepanda kutoka wawili hadi wanne hadi 100. Lakini mabadiliko makubwa yalitokea pale uhusiano ulipobadilika: mpinzani mtu alipogeuka kuwa mashine, mwenzi wa benchi alipogeuka kuwa mtu wa mbali, na rafiki alipogeuka kuwa mtu asiyejulikana. Bartle mwenyewe, katika makala aliyoyatoa mwaka 1996, aliwagawa wachezaji katika mafungu manne, na kigezo chake hakikuwa idadi. Alitazama kama mtu anapenda zaidi kutenda jambo juu ya wenziwe au kushirikiana nao, na kama moyo wake uko kwa watu au kwa ule ulimwengu wa mchezo.

Jambo moja zaidi linafaa kuangaliwa. Istilahi ya kutenga 'mchezo wa wengi' ilihitajika kwa sababu mashine ilikuwa imeleta jambo geni, yaani kushindana bila ya mtu wa kushindana naye. Kwetu sisi hakuna anayesema 'bao la watu wawili', maana bao bila mwenzi si bao. Lililo geni, na linalostahili kupewa alama ya pekee, ni kucheza peke yako.

Michezo yetu imekwisha kuyagawa mahusiano

Mfasiri anayetafuta istilahi za mahusiano hana haja ya kwenda mbali. Katika mwambao wa ziwa, siku za mwezi mpevu, taa za wavuvi hupungukiwa na nguvu ya kuvuta dagaa, na vyombo vingi hupumzika. Ni siku za kushona nyavu na za michezo. Hapo, na katika mitaa ya miji yetu yote, tunakuta aina za mahusiano karibu zote ambazo mashine imezileta kwa majina mageni.

Kwanza, uko uhusiano wa zamu. Katika mdako, mtoto hurusha jiwe na kuchota kokote shimoni mpaka akosee, ndipo ampishe mwenziwe. Hakuna anayemzuia; kinachomsumbua ni macho ya wanaongoja. Ndivyo zilivyo ile michezo ya video ambayo mtu hucheza peke yake, kisha pointi zake zikalinganishwa na za wenziwe.

Pili, uko uhusiano wa ana kwa ana. Bao ndio mfano ulio bora. Kila mchezaji ana kete 32, na katika bao la Kiswahili huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Huingia katika hatua ya namua, kisha ya mtaji. Hapana bahati nasibu, hapana siri. Kete zote zi wazi. Kinachofanya mchezo usichoshe ni kwamba mpinzani naye anakusoma. Hila iliyokupa ushindi leo, kesho amekwisha kuitafutia dawa. Mashine nyingi hazina tabia hiyo: ukiigundua njia yake, umeimaliza. Hii ndiyo sababu kijana huweza kucheza mpira wa video na jirani yake miaka mitatu asichoke, ilhali ule wa peke yake aliuacha baada ya mwezi. Wanaolifahamu bao, drafti au igisoro ya Rwanda hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hili.

Tatu, uko uhusiano wa bega kwa bega. Chombo cha dagaa usiku ni mfano wake nje ya michezo: mmoja huangalia taa, wengine huvuta wavu, na mavuno au hasara ni ya wote. Katika michezo ya video ya namna hii wachezaji huikabili mashine kwa pamoja, kila mmoja na kazi yake. Moyo wa mchezo hubadilika kabisa, kwa sababu kosa la mmoja ni hasara ya wote, na aliye hodari hupata faida kwa kumfundisha aliye dhaifu. Katika ana kwa ana, kumfundisha mwenzio ni kujinyima ushindi. Katika bega kwa bega, ni njia ya kuupata.

Nne, uko uhusiano wa makundi, kama katika karata za watu wanne, wawili kwa wawili. Hapa ushirika na ushindani vimekaa pamoja: unaye mwenzi wa kumtegemea na wapinzani wa kuwashinda.

Tano, uko uhusiano wa mmoja dhidi ya wengi, ambao watoto wetu huujua kwa jina la kombolela. Mmoja hutafuta, wengine hujificha, na aliyebaki huweza kuwakomboa wote waliokwisha kukamatwa. Watengenezaji wa michezo ya video wameupenda sana mtindo huu katika miaka ya karibuni, na mfasiri anayehangaika kuueleza kwa sentensi nzima anaweza kupunguza taabu yake kwa neno hilo moja.

Sita, uko uhusiano wa kila mmoja na lake, ambamo hapana mwenzi na hapana kundi. Mtindo wa kisiwa cha watu 100 tulioutaja mara nyingi huchezwa hivi. Wengi wa washiriki hushindwa, kwa kuwa mshindi ni mmoja. Kwa hiyo hofu ni kubwa, lakini aibu ni ndogo, maana aliyeshindwa amezama katika umati.

Tusiwasahau watazamaji. Bao huchezwa na wawili, lakini huzungukwa na watu wanaoshauri, wanaocheka na wanaokumbuka. Katika vibanda vya mchezo wa video ni hivyo hivyo. Na pale inapofuatwa kanuni ya aliyefungwa kupisha, kila mtazamaji ni mchezaji anayengoja zamu. Istilahi inayohesabu walioshika pedi tu huwaacha nje watu ambao bila wao ushindi usingekuwa na ladha.

Mtego wa 'na' na wa '-ea'

Sasa tuje kwenye sarufi, ambako mfasiri anaweza kupotoka bila ya kujua. Katika orodha za kuchagulia mtindo wa mchezo huwamo maneno ambayo tafsiri yake ya haraka ni 'cheza na rafiki'. Lakini Kiswahili husema 'Simba inacheza na Yanga', na maana yake ni kwamba zinapambana. Tena husema 'Asha anacheza na dada yake', na maana yake huenda ikawa wanasaidiana au wanafurahi pamoja. Kiunganishi 'na' hakibainishi. Mchezaji aliyechagua 'cheza na rafiki' akitarajia kusaidiwa, huenda akajikuta amefungwa mabao matano na rafiki huyo.

Hatari zaidi ni kauli ya kutendea. 'Kuchezea' hufaa katika 'anachezea Yanga', yaani yumo katika timu hiyo. Lakini 'kumchezea mtu' ni kumfanyia mzaha au hila, na 'kuchezea mashine' ni kuitia mikono pasipo ruhusa. Mfasiri aandikaye 'wachezee wenzako' akikusudia kucheza pamoja nao ametoa mwaliko wa ugomvi.

Dawa ya mtego huu imo katika lugha yenyewe. Kauli ya kutendana hutaja, kwa silabi moja, kwamba wapo watu zaidi ya mmoja na kwamba tendo linakwenda na kurudi: kushindana, kusaidiana, kupokezana, kufuatana, kupambana. Anayesema 'shindana na rafiki' au 'saidiana na rafiki' hana haja ya kuongeza 'wengi', maana wingi umo ndani ya kitenzi, na uhusiano umewekwa wazi. Kwa hiyo tunashauri kwamba katika maelekezo kitenzi 'cheza' kisitumiwe peke yake pale ambapo kitenzi cha kutendana kipo.

Uangalifu huo huo unafaa kwa majina ya anayekabiliwa. 'Adui' na 'mpinzani' si mamoja. Na mashabiki wa Simba na Yanga, timu zilizozaliwa katika miaka ya 1930, wametufundisha neno la tatu, 'mtani'. Mtani hushindwa leo na kukaribishwa kesho. Tunaona yafaa 'adui' abakie kuwa mhusika anayeendeshwa na mashine, na mtu aliye hai aitwe 'mpinzani'. Kijana anayesoma kila siku kwamba jirani yake ni adui anafundishwa jambo ambalo hata mtengenezaji wa mchezo hakulikusudia.

Karibu na mbali

Uhusiano hubadilika pia kwa umbali. Wachezaji walio benchi moja, hata kama kioo kimegawanywa sehemu mbili ili kila mmoja aone upande wake, husikiana pumzi. Aliyefungwa hujitetea, mshindi hutaniwa, na mdogo hupewa nafasi. Wakitenganishwa na intaneti, mengi ya hayo hupotea na mapya huingia.

La kwanza kati ya mapya ni ukawiaji. Mwanga katika nyuzi za mawasiliano husafiri kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Kigoma hadi London, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilomita 7,000. Kwa hiyo ikiwa kompyuta inayoendesha mchezo iko London, tendo la kijana wa Kigoma haliwezi kwenda na jibu likarudi katika muda ulio chini ya sehemu 70 za elfu za sekunde. Njia halisi ni ndefu zaidi, kwani habari hushuka kwanza Dar es Salaam na kuingia katika nyaya za baharini kama SEACOM ya mwaka 2009 na EASSy ya mwaka 2010, na kila kituo huongeza kidogo. Muda huo wote ukipita, mlinda mlango aliyeambiwa aruke ataruka mpira ukiwa wavuni. Vijana husema mchezo 'unaganda', na neno hilo ni zuri kwa picha inayosimama kabisa. Lakini picha inayokwenda kwa kuchelewa ni dhana nyingine, na ndiyo tunayoiita 'ukawiaji'. Mchezaji anayeshindwa na ukawiaji hakushindwa na mpinzani, na inafaa lugha imruhusu kulisema hilo.

La pili ni kwamba mchezo wa mbali, ukichezwa na watu walio hai kwa wakati mmoja, kwa kawaida hausimamishwi na mtu mmoja. Mzazi anayemwita mtoto na kujibiwa 'siwezi kuacha sasa' hudhani ni ukaidi, kwa kuwa jana aliona mchezo mwingine ukisimamishwa kwa kitufe kimoja. Mara nyingi mtoto anasema kweli: akiondoka, wenziwe wa bega kwa bega wataangamia, au kundi lake litashindwa. Mwalimu aliye na istilahi za kutofautisha mchezo unaosimamishika na usiosimamishika anaweza kuwapatanisha wawili hao: aulizwe mtoto, kabla ya kuanza, ni mtindo gani na utachukua muda gani.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Michezo mingi ya mbali humkutanisha mchezaji na watu asiowachagua, na tafsiri iliyo karibu ni 'cheza na wageni'. Kwetu mgeni ni mtu wa kukaribishwa, kupewa kiti na maji. Mtoto aliyelelewa vyema Ujiji, akisoma 'wageni', atafungua mlango. Maana inayotakiwa ni 'watu usiowafahamu', na inafaa iandikwe hivyo hivyo, kwa urefu wake, hata kama nafasi katika kioo ni finyu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka masharti juu ya ukusanyaji wa habari za watu. Lakini ulinzi unaoandikwa katika sheria hudhoofika ikiwa onyo lililo mbele ya macho ya mtoto limetumia neno la ukarimu.

'Gemu' na michezo ya kubahatisha

Kabla ya kuorodhesha mapendekezo, maofisa wa Serikali watapenda tuguse neno 'gemu'. Neno hili limeenea mno, na hatuoni sababu ya kulipiga vita katika mazungumzo. Katika maandishi rasmi, hata hivyo, lina kasoro moja. Kiingereza hutumia neno la asili hiyo hiyo kwa kamari inayosimamiwa na sheria, na Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 pamoja na Bodi yake. Tangazo linalokataza 'gemu' bila ya kufafanua huenda likamfungia kijana wa mpira wa video kwa kosa la mwenye mashine ya kamari, au likamwachia mwenye kamari ajifiche nyuma ya jina la mchezo wa watoto. Kwa hiyo maandishi rasmi yaseme 'michezo ya video' au 'michezo ya kubahatisha', kila moja mahali pake. Na pale ambapo aliyefungwa hulipia mechi, isisemwe kwamba pana dau, isipokuwa ikiwa kweli fedha imewekwa ili mshindi aichukue.

Mapendekezo

Haya yafuatayo ni mapendekezo ya kujadiliwa, wala si istilahi zilizokwisha kusanifiwa.

Mtindo wa mchezo: namna mchezo mmoja unavyoweza kuchezwa. Neno 'hali' halifai, kwa kuwa hutaja jinsi kitu kilivyo, si jinsi kinavyotendwa.

Mchezaji: mtu anayecheza.

Mhusika: umbo linaloendeshwa katika kioo, ama na mchezaji ama na mashine.

Mchezo wa peke yake: ule ambao mtu mmoja anaikabili mashine.

Mchezo wa zamu: wachezaji hupokezana, kila mmoja akicheza kivyake.

Mchezo wa ana kwa ana: mchezaji mmoja anashindana na mmoja.

Mchezo wa bega kwa bega: wachezaji wanasaidiana dhidi ya mashine.

Mchezo wa makundi: kundi la wachezaji linashindana na kundi.

Mchezo wa kombolela: mmoja dhidi ya wengi, kwa kazi zisizo sawa.

Mchezo wa kila mmoja na lake: wote wanashindana, hapana wenzi.

Mchezo wa benchi moja: wachezaji wako mahali pamoja.

Mchezo wa mbali: wachezaji wameunganishwa na mtandao.

Ukawiaji: muda unaopita baina ya tendo la mchezaji na jibu lake katika kioo.

Istilahi hizi huweza kuunganishwa. Mchezo wa makundi huweza kuwa wa benchi moja au wa mbali, na msomaji atafahamu mara moja tofauti iliyopo. Pale inapolazimu kutaja jamii yote kwa ujumla, tunapendekeza 'mchezo wa kushirikisha', kwa maana kwamba unamshirikisha mtu na watu wengine, kwa wema au kwa ushindani.

Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, kazi ya istilahi ilielekea zaidi kwenye ofisi, mahakama na madarasa. Kanuni iliyofuatwa ilikuwa kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za jirani zetu, kabla ya kuvuka bahari. Na maneno kama 'ikulu' na 'kitivo', yaliyotoka katika lugha za bara, yameonyesha kwamba kanuni hiyo huzaa. Hapana sababu ya kuiacha kanuni hiyo mlangoni mwa kibanda cha mchezo wa video. Wachezaji wa bao, wa karata na wa kombolela walikwisha kuyapambanua mahusiano haya zamani, na vijana wao wanayaishi kila jioni. Walimu na wafasiri walio katika mwambao wa ziwa wanaombwa wasikilize maneno yanayotumika hapo, wayaandike pamoja na maana zake, na wayalete yajadiliwe, kabla orodha za Kiingereza hazijatuamulia ni nani mwenzi na ni nani adui.